Historia Iliyosomwa Mwenyewe Amekaa

Mkasi wangu nimeuacha kwenye msumari wake, kando ya dirisha. Ni mkasi wa kitambaa. Atakayeukatia katoni atakuwa amenifukuza kazi mara ya pili. Mara ya kwanza nilifukuzwa na macho yangu: uzi ulikataa kuingia kwenye sindano, nikajua imetosha.

Ninyi mliobaki ateliye, hapa karakanani, mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Sikupita darasa la sita, basi msitafute humu maneno makubwa. Kazi yenyewe mnaijua: tunatengeneza masanduku ya kuzikia watu. Maseremala wanapiga mbao, mimi nilikuwa navalisha ndani kwa kitambaa na kuandika majina kwenye misalaba. Ni kazi ambayo hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika, ingawa ndugu zake wanalalamika kwa niaba yake.

Nilifika Goma nikiwa msichana. Tulikuwa tumekimbia vita kwetu milimani Masisi, mimi na mama na godoro moja. Kaka yangu mkubwa, Byamungu, alikuwa ametutangulia na kupata useremala kwa Papa Kambale, mwenye ateliye. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, na mimi sikumwita kwa jina lake hata siku moja. Asubuhi moja Yaya alinikalisha mbele ya cherehani, akanipa satini nyeupe, akanionyesha sanduku refu na kuniambia nilivalishe ndani. Nilidhani ni kabati. Nikauliza rafu zitakaa wapi. Maseremala walicheka mpaka Papa Kambale akatoka kuangalia kuna nini.

"Hii kabati, mutoto," akaniambia, "mutu anaiingia mara moja tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nililia kidogo, kisha nikashona.

Yaya ndiye aliyenifundisha yote. Misumari midogo unaiweka mdomoni na kuitoa mmoja mmoja, kwa hiyo huwezi kuongea; ndiyo maana wateja walisema mimi ni mwanamke mwenye hekima. Kitambaa cha upande wa kichwa usikivute kikakaza, kwa sababu mama wa marehemu ataweka mkono pale, na akikuta pagumu atasema mtoto wake amelazwa juu ya ubao. Mto unaujaza maranda. Vumbi la msumeno linapenya kwenye mshono na kumpaka marehemu usoni, na hapo ndipo utakapojua ukoo wake una watu wangapi.

Siku zile familia hazikuja na vipimo vya metre. Zilikuja na kamba, yenye fundo pale urefu wa marehemu ulipoishia. Kamba hiyo unaipokea kwa mikono miwili, hata kama ulikuwa unakula. Unaiweka juu ya ubao, unakata, kisha kamba inaingia sandukuni pamoja na mwenyewe. Msiache desturi hiyo kwa sababu tu siku hizi mna metre ya chuma.

Kuandika nilianza kwa misalaba. Nilikuwa na mwandiko mzuri, masista walikuwa wamenichapa sana vidole. Kutoka kwenye misalaba, familia zikaanza kuniomba niwaandikie historia, yale maneno yanayosomwa kaburini kabla ya kufukia. Historia ina njia yake na watu hawapendi uipotoshe. Unaanza na alizaliwa, mtoto wa nani na nani. Unapita kwenye ubatizo, shule kama ilikuwepo, ndoa, kazi. Unasema alivyokuwa na watu. Unasema ugonjwa. Unamaliza kwa wale anaowaacha, na hapo wanawake wanapiga yowe, na wachimbaji wanashika majembe.

Mara ya kwanza kuandika historia ya mlevi nilikwama. Mjane alikuwa amekaa mbele yangu akisema nisitaje pombe, na majirani wote walimjua mume wake kwa pombe. Nilimfuata Yaya kwenye meza yake ya randa. Hakuinua hata kichwa.

"Weka 'alipenda watu'," akasema. "Kila mutu ataelewa, na hakuna mwenye atakasirika."

Tangu hapo niliandika "alipenda watu" mara nyingi sana. Goma hii ina watu wengi waliopenda watu.

Halafu ukaja mwaka wa wakimbizi. Wenzenu wazee watawasimulia, mimi nitasema machache. Watu walivuka mpaka wengi kuliko mawe ya volkano, wakajaa barabarani, wakajaa Kibumba na kila mahali palipokuwa wazi, kisha kipindupindu kikawaingia. Mwanzoni tulipokea kamba. Baadaye zilikuja kamba nyingi pamoja, zimeshikwa na mtu mmoja. Halafu mbao zikaisha, kwa sababu barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa, na watu wakaendelea kuja na kamba wakisimama tu uani, hawaamini kwamba ateliye inaweza kukosa mbao. Yaya ndiye aliyekuwa anatoka kuwaambia. Wenzake waliona haya, yeye alitoka. Alizipokea kamba kwa mikono miwili, akawaambia hakuna ubao, akawarudishia kamba zao kwa mikono miwili.

Mchana walimwita kusaidia kubeba maiti kule Kibumba. Wabebaji walipewa kanyanga kwanza, ile pombe kali ya kupikwa, ili waweze kuvumilia harufu. Yaya alikuwa mtu wa kanisa, hakuwa amewahi kuonja hata kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye harusi. Alikunywa kama dawa. Wakimbizi walipopungua, dawa ilibaki.

Nitawaambia jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Ikapita miaka, vita ikaja na kuondoka na kurudi kwa jina lingine, na Yaya alikuwa bado seremala bora kuliko wote. Lakini asubuhi, kabla ya glasi ya kwanza, mikono yake ilitetemeka hata hakuweza kushika penseli. Akishakunywa, inatulia, na msumeno unakwenda sawa kama umechorewa mstari. Sisi wote tuliona hivyo kila siku. Papa Kambale mwenyewe alikuwa anamwekea chupa nyuma ya kopo la verni ya kung'arishia mbao, ili kazi ianze. Tulisema ni kama mafuta ya mashine. Tulicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mwili uliofika hapo unatunzwaje.

Mama Riziki, mke wake, hakucheka. Macho ya Yaya yalikuwa yameanza kuwa ya njano, na tumbo lilikuwa linajaa huku miguu inakonda. Akaenda kwenye kituo cha afya cha mtaa kumwona muuguzi mmoja, Mama Noella, mwanamke wa upande wa Bukavu, asiyependa maneno mengi. Muuguzi huyo akamwambia kuna njia ambayo alikuwa ameiona ikisaidia. Watu wanaompenda wakae naye asubuhi, kabla hajalewa, wamsomee barua: tunakupenda, hivi ndivyo tunavyokuona, hivi ndivyo tunavyoumia, tunakuomba ukubali kutibiwa. Barua iandikwe, kwa sababu ukisema kwa mdomo utakasirika na kutukana. Na akishakubali, siku hiyo hiyo mumlete hapa kwangu.

Mama Riziki alikuja ateliye kunieleza haya akiwa amesimama, mkoba kwapani.

"Kwa familia yetu mwenye anajua kuandika ni wewe," akasema. "Watoto wataweka neno lao, mimi nitaweka langu, wewe andika yote moja."

Nilikubali. Nilikaa jikoni kwangu na karatasi, nikaandika karibu bila kufuta. Nilifurahi jinsi maneno yalivyokuja yenyewe. Nilipaswa kujiuliza kwa nini yanakuja yenyewe.

Siku yenyewe tulikutana kwa Yaya, mtaa wa Murara. Tulikuwa ndugu, watoto wake, maseremala na mchungaji, kwa hiyo viti havikutosha, tukaazima vya kanisa. Mvua ilikuwa inatishia, vijana wakafunga bashi, turubai la plastiki, juu ya ua. Sasa ninyi ni watu wa Goma. Mkipita mahali asubuhi mkaona bashi limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa na watu wamekaa kimya, mnaelewa nini?

Majirani walielewa hivyo hivyo. Wa kwanza kufika alileta kuni. Wa pili sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama Sifa, mwanamke mzee wa nyumba ya nyuma, aliingia mikono ikiwa kichwani, akilia kwa sauti ile ya kuamsha mtaa. Yaya alikuwa ndani, ndiyo kwanza anaamka. Aliposikia kilio uani kwake alitoka mbio, shati halijafungwa, akaenda moja kwa moja kwa Mama Sifa na kumshika mabega kumtuliza.

"Pole, mama, pole," akamwambia. "Ni nani alikufa?"

Mama Sifa alimtazama, akamgusa uso.

"Baliniambia ni wewe," akasema.

Kuna waliocheka. Yaya mwenyewe alitabasamu. Kisha akatuona sisi wote, viti, mchungaji, mimi na karatasi mkononi, na tabasamu likaondoka. Mama Riziki akamwambia akae, tuna neno letu kwake. Akakaa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akaiweka kati ya magoti.

Nilianza kusoma. Nilisoma kwa sauti yangu ya kila siku, ile ninayotumia kuwasomea wateja kabla hawajabeba karatasi. "Byamungu alizaliwa milimani Masisi, mtoto wa kwanza wa baba yetu." Nikasoma ubatizo wake. Nikasoma jinsi alivyotubeba mama na mimi, alivyotufundisha kazi, alivyotoka kuwakabili watu wenye kamba wakati wengine tuliona haya. "Alikuwa baba mwema. Alipenda watu." Nilipofika hapo nikasikia wanawake nyuma yangu wameanza kulia, na si kulia kwa huruma, kulia kwa kilio, kila mmoja akishika mahali pake kwenye sauti. Walikuwa wanajua njia. Mimi nikajisikia mwenyewe, nikanyamaza. Nilikuwa nimemwandikia kaka yangu aliye hai historia ya marehemu, na sikuwa nimeona.

Hata majembe ya jirani yalikuwa yameegemezwa ukutani. Nadhani yalikuwa pale siku zote, lakini mimi niliyaona wakati ule.

Yaya alikuwa ananitazama. Hakukasirika.

"Mudogo wangu," akasema taratibu, "nilikufaka lini?"

Mama Sifa alikuwa ameacha kulia.

"Ile neno ya 'alipenda watu', mimi njo nilikufundisha," akaendelea. "Usiniwekee mimi. Soma vile iko."

Nikashindwa. Akarudia mara nyingine, kwa upole, kama alivyokuwa akinirudishia mshono mbaya: soma vile iko. Basi nikasema, bila karatasi. "Yaya, wewe ni mlevi. Unakufa na sisi tunaona."

Alikubali kwa kichwa. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na chupa mbili, akazimwaga kwenye mawe meusi ya ua mbele yetu sote. Akasema leo ameacha. Mchungaji akaanzisha wimbo. Watu waliokuja kwenye kilio wakala ile sombe kama ya sherehe, na Mama Riziki, ambaye sikuwa nimemwona akicheza tangu harusi yake, alicheza.

Tulikuwa tumpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Lakini tulipofika barabarani tulikuta watu wanashuka kutoka upande wa Kibumba na magodoro kichwani, mbuzi, watoto wamefungwa migongoni, na nyuma yao milio mizito. Vita ilikuwa imesogea tena. Kijana tuliyemtuma atangulie alirudi akisema kituo kimejaa waliojeruhiwa, wanalazwa hadi nje. Yaya akatutazama akasema yeye hana kidonda, akachukue nafasi ya mtu anayevuja damu kwa nini? Tuliona amesema vizuri. Tukarudi nyumbani tukiwa tunamheshimu zaidi.

Usiku huo na kesho yake alitokwa jasho hata shuka likalowa. Mikono ilitetemeka, chakula kilirudi. Kuna mtu, sitamtaja kwa sababu alifanya kwa upendo, alimletea glasi ndogo kumtuliza. Yaya aliisukuma. Sote tulimpigia makofi. Nakumbuka makofi yangu.

Siku iliyofuata alianza kuongea na watu ambao hatukuwaona. Nilikuwa nimekaa naye mchana, mlango wazi, jua linaingia. Alijiinua kitandani akitazama uani.

"Mapendo," akaniita kwa jina, jambo ambalo hakulizoea. "Ile batu iko na kamba. Balisimama sana. Enda pokea kamba zabo."

Nilitazama uani. Kulikuwa na ndoo, na nguo zimeanikwa.

Nikamwambia hakuna mtu. Akanikasirikia, akasema ninaona haya kama wenzangu. Basi nikatoka. Nikanyoosha mikono yangu miwili hewani, mbele ya nguo, nikarudi nikamwambia nimezipokea zote. Akauliza kama mbao zipo. Nikasema zipo. Akalala kidogo.

Tuliita waombaji wa kanisa, kwa sababu tulidhani ni pepo wa Kibumba waliorudi kumdai. Wakati wanaomba mwili wake ulikakamaa, akaanza kurukaruka kitandani, povu mdomoni. Maseremala walimbeba kwenye mkokoteni wa ateliye, ule tunaopelekea masanduku, hatukuwa na kingine. Tulipita katikati ya wakimbizi, watu wakitupisha na kuvua kofia. Alikakamaa mara nyingine tukiwa njiani. Tulipofika kwenye mlango wa kituo alikuwa bado wa moto, lakini hakuwa anapumua.

Mama Noella alitoka na damu za watu wengine kwenye aproni. Alipiga magoti kando ya mkokoteni, akafanya alichoweza, akaacha. Kisha akauliza alikunywa mara ya mwisho lini.

Mama Riziki akajibu kwa fahari, naye bado hajaelewa kwamba mume wake amekufa: "Aliacha kabisa, mama. Tangu siku ya barua, hakuonja hata kidogo."

Mama Noella alikaa chini kwenye saruji. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akatueleza. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka asubuhi mpaka anywe, mwili wake umeshafungwa na pombe. Akiikata ghafla, peke yake, mwili unaweza kumrusha hivyo mpaka afe. Kuna dawa za kumshusha polepole, na mtu wa kumwangalia mchana na usiku. Ndiyo maana nilisema mumlete, akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeongea na ukuta.

Nimeishi na jambo hilo na bado haliingii kichwani. Sisi tulikuwa tunafanya kazi na kifo. Tulijua urefu wake kwa kamba. Tuliogopa chupa miaka yote, halafu kaka yangu akafa kwa kutokunywa, tukiwa tunampigia makofi.

Kaburini mchungaji aliomba historia. Nilimwambia imeshasomwa, mwenyewe akiwa amekaa. Watu walielewa. Tukafukia.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuwaandikia haya yote. Mtaani habari huwa zinakatika njiani. Habari iliyofika Majengo, iliyofika hata Vitshumbi kwa wavuvi, ilikuwa kwamba kuna mama kwenye ateliye ya masanduku anayeandika barua yenye nguvu: ukimsomea mlevi, anaacha siku ile ile. Iliyobaki haikufika. Matanga hayajaisha, alikuja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Aliweka karatasi safi na kalamu mpya juu ya cherehani yangu.

"Mama, niandikie ile ya yaya wako," akasema. "Bwana yangu naye aache."

Niliposikia hivyo nilitaka kumfukuza. Aliniona nikishika meza, akadhani sitaki, akaanza kunisihi kwa Mungu.

Nikamuuliza: asubuhi, kabla hajanywa, mikono ya mume wako iko namna gani? Akainua mkono wake mwenyewe hewani, akanionyesha jinsi inavyocheza. Aliiga vizuri sana, hata mtoto mgongoni akacheka.

Watakuja kwenu pia, najua, na mimi sitakuwepo. Msiwaandikie kwanza. Waulizeni swali hilo la mikono. Mimi niliacha kalamu yake pale juu ya cherehani, nikamshika mkono, tukatoka. Barabara ilikuwa bado imejaa watu na magodoro yao. Tulipita katikati yao hadi kituoni, tukakaa kwenye foleni ya Mama Noella, na zamu yetu ilipofika nikamsukuma yeye mbele aseme habari ya ile mikono.